Ekran Tupu ya Marehemu Bruno

Kiti ya kwanza yenye ilimupiga Dany ilikuwa ya plastiki, na mi nilishukuru Mungu, juu ku levée de deuil, karamu ya kumaliza matanga, batu ya pesa banakodishaka kiti ya chuma. Ilimupata ku bega, muguu yake ikavunjika, ya kiti, si ya Dany. Dany aligeuka na sahani ya bugali na sombe bado mu mukono, na macho ya mutu mwenye anafikiri ni ajali tu. Alisema: «Pole.» Yeye ndiye anapigwa, na yeye ndiye anaomba pole!

Kiti ya pili ilimupata ku mulomo.

Mbele niendelee, niseme namna tulifika pale.

Mi ni Alphonse. Na Dany tuko na atelier ku Kadutu, chini ya soko, pale njia inatelemuka mupaka mutu anashuka na matako kama mvua imenyesha. Tunatengeneza mashini ya zamani: ordinateri, ndio kompyuta, yenye bureau za mashirika ya ONG zinatupa, yenye balimu banauziana, yenye ilianguka mu ziwa wakati ya kuvuka kutoka Idjwi ikaanikwa ku jua sawa sambaza, kasamaki kadogo ka ziwa. Mashini ya vile ukiiweka système munene, programu yenye inaendesha yote, inakufa. Unafinya bouton, unaenda kupika maharagi, unarudi, maharagi imeiva, mashini bado inakusalimia. Basi Dany anaiweka système ya bure, yenye batu ya dunia nzima banaandika pamoja na kuachia kila mutu, na juu yake bureau moya nyepesi, ile sura ya ekran yenye unafanyia kazi, jina yake LXDE. Ile haina mapambo. Ni sawa mugeni mwenye anaingia kwako, anavua viatu, anaikaa fasi moya, hasumbue mutu. Mashini yenye ilikuwa mu coma inaamuka mu pumzi moya. Bakiliya banauliza Dany amefanya nini, mi ninabajibu: «Mashini yako ilikuwa inabeba jiko, kitanda na mama-mukwe. Dany ametosha mama-mukwe.»

Bruno alikuwa mwalimu, rafiki yetu bote. Siku batu ya bunduki baliingia na masasi ikanyesha mu mugi, moya ilimufuata mupaka ku mulango ya nyumba yake, na mbele hata mwili ipoe, mutu na bunduki alipita akabeba telefone yake. Mu ile telefone ndimo sura ya Bruno yote ilikuwa. Kwa bibi yake, Euphrasie, kulibakia foto ya karti ya électeur, ya kupigia kura, na ordinateri ya zamani yenye ilikuwa inakataa kuwaka.

Euphrasie alituletea ile mashini imefungwa mu kikwembe, sawa mutoto.

«Papa Alphonse, Dany, Bruno alikuwa anaweka foto zake humu. Siku ya kutosha deuil minataka batu bamuone. Si ile sura ya karti, pale iko sawa mutu mwenye anatafutwa na polisi.»

«Itawaka, maman,» Dany alisema.

«Na minaomba kintu moya. Mutu asimuone mbele ya siku. Kwetu sura ya marehemu, ni familia inaifungua. Nisisikie ati bamotari balikuwa banamuangalia hapa banakula karanga.»

Alisema kweli. Mu atelier yetu kila mupita-njia anaingiza shingo, na shingo ingine inakuja na karanga.

Dany ni mutu wa heshima mupaka inaudhi. Disque ilikuwa muzima, foto zilikuwa zote. Aliweka LXDE. Halafu, juu ya ile neno ya Euphrasie, alifanya ekran iwe nyeusi, tupu, bila hata dossier moya juu. Ile barre ya chini, yenye iko na bouton zote, aliiambia ijifiche: haionekane mupaka upeleke mushale ya ekran chini kabisa, ndio inapanda. Na aliweka mot de passe, neno ya siri, ili ukiacha mashini kidogo inajifunga yenyewe. Mi nilimuambia: «Dany, hata Bruno mwenyewe akifufuka hataona mulango.» Alicheka.

Siku ya kuja kubeba mashini, Euphrasie alituma Zagabe, shemeji yake, muloko wa Bruno, ndugu yake mudogo. Zagabe ni motari, anabebaka batu na pikipiki, mwenye nguvu, mwenye kulia haraka na kupiga haraka. Alisimama ku mulango bila kuzima pikipiki. Dany aliwasha mashini, akaingiza mot de passe, akaanza kumuonesha:

«Grand Zagabe, angalia. Inakuja nyeusi, usiogope. Unashusha mushale hapa chini...»

«Petit, mi niko na telefone ya ekran munene kupita hii yako. Nitashindwa ordinateri?»

«Na mot de passe ni...»

«Utakuwa pale, si ndio? Utakula, utakunywa, utaandika mwenyewe. Lete.»

Akaiweka mu kifua, ndani ya blouson, akapanda nayo.

Basi tuko samedi, siku ya karamu, mu parcelle, kiwanja ya nyumba ya Euphrasie, juu kabisa ya Kadutu. Misa imeisha, mapadri bameenda, kasiksi, pombe ya ndizi, inatembea. Familia yote imevaa t-shirt na sura ya Bruno ya karti, yenye ilivutwa ikawa kubwa mupaka pua inatosha kukaa batu wawili. Ku ukuta banatundika shuka nyeupe, banakodisha projecteur. Euphrasie ametoka mu manguo ya deuil, amevaa kikwembe mupya, ameikaa mbele na batoto. Dany aliandika mot de passe, mashini ikawaka vizuri. Zagabe alimusukuma polepole: «Enda kula sasa. Kufungua ni kazi ya familia.» Na Dany, mutu wa heshima, alienda kula nyuma ya nyumba. Mi nilikuwa mu mulongo ya kasiksi.

Zagabe alishika micro. «Bandugu, sasa tunamuona Bruno!»

Ku shuka ikatokea giza.

Akafinya. Giza. Akafinya tena, akafinya yote, sawa mutu mwenye anaua siafu. Mu ile giza hakukuwa kintu, ila kamushale kadogo keupe kenye kalikuwa kanatembea. Mutoto mudogo wa Bruno aliuliza, na sauti ya kweli: «Papa iko wapi?»

Euphrasie akalia. Ile kilio, sijawahi kusikia, hata siku ya maziko. «Bamemuua tena! Bamemuua mara ya pili!»

«Amefuta!» mutu mwenye kofia nyekundu alipiga kelele. «Ule mufundi ameuza mémoire ya mashini! Aliwekea maman maiti ya ordinateri!»

Muelewe kintu moya. Tangu ile masasi, mu mugi yetu mutu hapeleke tena mwizi fasi popote. Atamupeleka kwa nani? Banamaliza palepale, halafu banarudi ku kazi. Kila mutu mu ile parcelle alikuwa na kisirani ndani yake yenye ilikosa mutu wa kushukia. Na sasa mutu amepatikana, iko nyuma ya nyumba, anakula sombe.

Ndio kiti ya kwanza. Ndio kiti ya pili.

Ya pili ilimutosha meno mbili ya mbele, niliziona mu sahani, juu ya bugali. Halafu ngumi. Halafu bamama na mwiko ya chuma. Niliingia mu kati, nikasema: «Bandugu, foto iko ndani! Ni barre tu, ilijificha!»

«Barre?» Zagabe alinishika ku koti. «Ndugu yangu amekufa, na weye unaniambia barre inacheza kache-kache ya batoto?»

Alinipiga na kichwa. Lunette yangu ya macho iliingia mu pua, mi nikaingia mu masufuria. Nikiamuka, nilisikia taya ya Dany ikivunjika. Mutu anafikiri ni sauti munene. Hapana, ni kadogo tu, sawa mutu anavunja mukate mukavu.

Bakamuvuta na miguu mupaka ku barabara, kichwa yake ikipiga kila jiwe ya ngazi. Mukono yake ya kuume ilishika mulango ya parcelle. Haikuachia. Basi ule wa kofia nyekundu akapanda juu yake na kisigino, akazunguka, sawa mutu mwenye anazima sigara. Mukono ikaachia.

Bamotari, benzake Zagabe, balikuwa na kila kintu karibu, ndio ubaya yabo. Moya alileta mupira ya gari yenye maman mwenye kuuza ndizi alikuwa anaikalia ku barabara: alimuondosha, akabeba kiti yake. Zagabe alichomoa tiyo ya pikipiki yake mwenyewe, akavuta essence, petroli, na mulomo, akatema ya kwanza, akajaza bidon. Bakamuvalisha Dany mupira mu shingo. Zagabe akamumwagia: kichwa, kifua, mapaja. Dany alikohoa. Essence iliingia mu mulomo yenye haikuwa tena inafunga.

«Briké!» Zagabe alipiga kelele, anatafuta kiberiti ya kuwasha.

Mi niko na diplome d'État, section commerciale, na ndani ya ile karatasi hakuna somo ya kutosha mutu mu mupira. Kupita mu batu haikuwezekana, balikuwa ukuta. Lakini niliona Euphrasie. Alikuwa ameikaa chini mu parcelle, mashini ku mapaja, anaipapasa ekran. Na nikakumbuka: siku mujane anatoka mu deuil, hakuna mutu anamugusa. Humusukume, humupige, hata umupite mbele unaomba ruhusa. Hata mulevi anajua.

Nilipiga magoti. «Maman Euphrasie, Bruno iko humu ndani.»

«Papa Alphonse, usinidanganye leo.»

«Dany alimuficha vile ulimuomba: mutu asimuone mbele ya siku. Kafunguo kako mu kichwa ya Dany. Bakiichoma, hutamuona tena hata siku moya. Simama, maman. Beba mashini. Mi nitashika kikwembe yako nyuma.»

Aliniangalia. Akasimama.

Na kweli, alitembea sawa kisu mu mafuta. Mutu anageuka ili atukane, anaona kikwembe mupya, anarudi nyuma. Mi nilikuwa nyuma yake nimeinama, nashika nguo yake sawa mutoto wa maternelle. Tukafika mu kati.

Zagabe alikuwa amepata briké. Ilikuwa inakataa kuwaka juu mikono yake ilikuwa na essence, na alikuwa anaipangusa ku t-shirt, ku sura ya ndugu yake.

«Shemeji, ondoka hapo,» alisema.

«Zagabe, ngoja.»

«Ondoka, itakushika na weye!»

Euphrasie aliikaa chini mu essence, na kikwembe yake mupya, magoti yake inagusa mupira. «Basi washa,» alisema. «Tuende bote, na batoto utabalea weye.»

Nilimupokea mashini, nikaiweka mbele ya Dany. Ilikuwa imejifunga yenyewe, inauliza mot de passe. Chini, kapicha ka bateri kalikuwa kekundu, moto inaisha.

«Dany. Sikia. Andika.»

Jicho moya ilikuwa imefungwa kabisa. Ingine iliniona. Alitaka kusema, ikatoka damu na kapovu. Mukono ya kuume ilikuwa haina tena umbo ya mukono. Nilikamata ya kushoto, nikaiweka ku clavier. Kidole gumba tu ndio ilikuwa inasikia. Akaanza kufinya, polepole, herufi moya, herufi ingine, damu inaacha alama ku kila moya.

Mashini ikakataa.

«Muongo!» ule wa kofia nyekundu alisema. «Anapoteza wakati! Choma!»

Briké ikatoa cheche. Haikushika. Bamama balipiga kelele, batu ya mbele balirudi nyuma, batu ya nyuma balisukuma. Nilipangusa jicho ya Dany na shati yangu. «Ndugu yangu, hakuna haraka,» nilimuambia, ile ndio uongo munene kupita yote nimesema mu maisha, na mi ni mutu wa kusema uongo ya kuchekesha kila siku. «Anza upya.»

Akaanza upya. Akafinya ya mwisho.

Ikafunguka.

Kama ingekuwa ile système munene, ya kungoja maharagi iive, Dany angekuwa majivu. Ile nyepesi haikuuliza kintu, haikucheza muziki, haikusema karibu. Pumzi moya: giza ya bureau. Nilivuta mushale chini, barre ikapanda, dossier ya foto ikafunguka, nikapiga ku foto ya kwanza.

Bruno.

Bruno mwenyewe, mashavu imejaa, sambaza moya inatoka mu mulomo na mukia, anacheka mutu mwenye anamupiga foto. Euphrasie aliweka mukono ku ekran. «Ni mi nilimupiga hii,» alisema. «Tulikuwa Lwiro, kwa mama yake. Nilimuambia ameze kwanza. Alikataa.»

Halafu mutu moya akasema: «Iye, Bruno!» Na ingine: «Angalia tumbo!» Na ukuta ya batu ikabomoka mbele, kila mutu anataka kuona. Banasukumana, banacheka, banalia. Mwenye kofia nyekundu alikanyaga muguu ya Dany ili aone vizuri, na mi niliona alikuwa analia sawa bengine.

«Geuza, tuone ingine!»

«Pelekeni ku projecteur!»

Bakabeba mashini, bakamuinua Euphrasie na heshima yote, bakarudi mu parcelle na vigelegele. Zagabe alikuwa wa kwanza, mashini juu ya kichwa sawa sanduku ya sakramenti. Ku barabara kukabakia mi, Dany, na maman wa ndizi mwenye alikuwa anangojea mupira yake.

Tuliitosha mu shingo ya Dany, mi na maman. Alisema «pole, baba» na akaikaa tena juu yake.

Nilimubeba Dany mu mugongo. Mi niko na umri wa kubeba tumbo yangu tu, lakini nilimubeba. Kichwa yake ilikuwa inanidondokea mu shingo, essence na damu. Nyuma yetu tulisikia parcelle nzima ikipiga makofi kwa kila foto. Halafu makofi ikaisha mara moya.

Halafu hatua za mutu anakimbia.

Niligeuka. Zagabe, na mashini mu mikono. Nilisema mu roho: anakuja kumaliza. Nikatafuta jiwe na macho.

«Papa Alphonse!» Alikuwa anahema. «Imerudia nyeusi. Barre imekimbia. Tunafinya wapi?»

Ni Dany alijibu. Alinyoosha mukono ya kushoto kupita bega yangu, akaweka gumba, akavuta mushale chini, polepole, mupaka barre ikapanda. Ku mashini kulibakia mustari ya damu.

Zagabe aliangalia ule mustari. Halafu aliangalia fasi yenye ilitoka. Minafikiri ilikuwa mara ya kwanza tangu saa ile alimuona Dany.

Euphrasie alikuwa amefuata nyuma. Alimupokonya mashini. «Peleka mutu ku hospitali. Bruno atangoja. Amezoea.»

Zagabe alikimbia ku pikipiki yake, akapiga kick, akapiga tena. Pikipiki ikakohoa, ikanyamaza. Akafungua réservoir ya essence, akaangalia ndani. Halafu akaangalia Dany, nguo yake yenye inadondoka.

«Essence...» alisema.

«Najua fasi iko,» nilimuambia.

Tulipanda vile. Zagabe mbele, Dany mu kati, mi nyuma nashika bote. Bila moteri, Kadutu yote kutelemuka, mawe, mifereji, bamama na mabeseni banaruka pembeni, na hatukuwa na klaxon, basi Zagabe alikuwa anapiga kelele na mulomo: «Mugonjwa! Mugonjwa!» Kichwa ya Dany ilikuwa imelala ku mugongo yake. Haikuwa na fasi ingine ya kulala.

Ku hospitali infirmière, mama muuguzi, alinusa, akarudi nyuma. «Huyu mbele ya yote aoshwe. Cheche moya tu na tunaruka bote. Na robinet ya ndani leo haina mayi, muende ku ile ya inje. Garde-malade, wa kubakia na mugonjwa, ni nani?»

«Ni miye,» Zagabe alisema.

Dany alikuwa ameikaa ku banc, taya inaning'inia ku kitambaa. Aliinua gumba ya kushoto, akaitembeza upande na upande. Hapana.

Infirmière aliangalia gumba. Aliangalia mikono ya Zagabe, bidole imechubuka ku viungo. Akaandika jina yangu.

Zagabe alitoka. Nilifikiri ameenda. Kidogo nikaona ndoo ya mayi ku mulango, imejaa mupaka juu, na mutu hayuko. Nilianza kumuosha Dany, kichwa kwanza. Mayi ikawa ya rangi rangi, ile ya essence, nikaimwaga. Ndoo ingine ilikuwa imefika. Zagabe hakuvuka kizingiti. Dany aligeuza sura ku ukuta kila wakati ndoo inagusa chini.

Nilinusa nywele yake. Bado inanuka essence.

«Mayi ingine,» nilisema.

Hatua zikashuka ku robinet.